Wawili, ramani moja: kutoka Lubumbashi hadi ukingo wa Drakensberg

Jumapili, nyumbani Kampemba

Tumekata shauri. Mwezi wa tano, mvua ikishaisha huku kwetu Katanga na kule kusini, mimi na mume wangu tunakwenda Drakensberg, Afrika Kusini. Tutapanda kwa ngazi za minyororo za kilele cha Sentinel, na tukishafika juu tutashika ukingo wa milima kuelekea kusini-mashariki, KwaZulu-Natal ikiwa chini kushoto kwetu na Lesotho kulia, hadi kipito cha Mlambonja karibu na Cathedral Peak. Huko juu hakuna kibao wala jiwe lililopakwa rangi. Vijia vipo, lakini ni vya ng'ombe na kondoo, navyo vinakwenda malishoni.

Wenzetu kanisani wameuliza kwa nini tusiende Kilimanjaro, au Rwenzori ambako kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko kwenye mpaka wa nchi yetu wenyewe. Ni milima mirefu zaidi, kweli. Ila kule unapanda na waongozaji, kwa njia zilizopangwa, na kambi zimeshachaguliwa. Sisi tunataka kuchagua wenyewe: wapi tulale, wapi tuvuke, lini tugeuke. Drakensberg inaruhusu hilo. Unalipa kibali, unajiandikisha kwenye daftari la wapandaji, unakwenda.

Wanaoimaliza njia yote ya ukingo, toka Sentinel hadi Bushman's Nek kule kusini, hutembea kilomita zipatazo 220, na wapandaji wa kawaida huhitaji karibu wiki mbili. Mwaka 2014 Ryan Sandes na Ryno Griesel waliikimbia kwa saa 41 na dakika 49. Sisi tumechukua kipande cha kaskazini tu. Kwa watu waliozoea kuishi mita 1,200 hivi juu ya bahari, mjini ambako kilima kikubwa ni kile cha taka za kuyeyusha shaba, kipande hicho kinatosha sana.

Jumatano jioni, mezani

Watoto wamelala. Ramani ya 1:50,000 imefunika meza yote, na kwenye kona zake tumeweka vikombe isijikunje.

Mume wangu ni mpima ardhi. Amezoea mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja, kama mimi nilivyozoea chati za wagonjwa, na ndiyo maana nilimwambia mapema: "Papa, ukinisomea wewe kila kitu, mimi nitakuwa mzigo wa pili. Nifundishe sasa, hapa, palipo na taa." Hakubisha. Alinipa penseli akaniambia nichore mahali ambapo ningeweka hema, kisha nimweleze sababu.

Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikigusana, ni genge. Kwenye ramani hii inagusana upande mmoja mtupu, ule wa kushoto kwetu, kilomita baada ya kilomita. Ukingo huo ni bazalti, lava iliyomwagika miaka milioni 180 hivi iliyopita, na mahali pengi inaporomoka ghafla mamia ya mita. Upande wa Lesotho nchi inashuka polepole, nyasi na vijito. Kwa hiyo swali la safari yote ni moja: ukungu ukikufunika, unajuaje uko umbali gani na ukingo?

Hapo ndipo alipoleta jambo la dira, na ningependa kila mtu anayepanga safari ya kule alielewe. Sindano ya dira haielekei kaskazini ya ramani. Kwetu Katanga tofauti ni ndogo. Drakensberg inapita digrii 20 upande wa magharibi. Ukisoma mwelekeo kwenye ramani lazima uongeze digrii hizo kabla ya kufuata sindano. Usipoongeza, kila unapotembea kilomita moja utakuwa umehama zaidi ya mita 300 kutoka mahali ulipokusudia. Na ukiwa unaelekea kusini-mashariki kama sisi, utahama kushoto. Kushoto kuna genge. Nilichora nikakokotoa, nikachora tena, mpaka mkono ukazoea kuongeza bila kukumbushwa.

Muda tuliukadiria kwa kanuni ya William Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Naismith alikuwa akiwahesabia watu wenye nguvu kwenye ardhi nzuri. Juu ya mita 3,000, na shanta, kwenye nyasi za mafundo na tope la vyanzo vya mito, tuliongeza nusu ya muda juu yake. Mwezi wa tano jua linatua mapema kule, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Tukaandika kwamba saa tisa alasiri tunaanza kutafuta pa kulala, popote tutakapokuwa.

Baada ya hapo tukaweka alama nyekundu kwenye milango ya kutokea. Kati ya Sentinel na Mlambonja kuna makorongo kadhaa yanayoshuka upande wa Natal, lakini si yote ya kushukia na mzigo. Kipito cha Fangs tulikipiga mstari kabisa, ni cha mawe na mteremko mbaya. Kipito cha Rockeries, takribani katikati ya njia yetu, kinashukika vizuri hadi bonde la Mnweni, ambako kuna kituo cha wapandaji kinachoendeshwa na wanakijiji. Hicho tulikizungushia duara mara mbili.

Na sheria zetu mbili. Nimeziandika ndani ya jalada la daftari hili. Ya kwanza: kabla ya kuondoka mahali, kila mmoja anaweka kidole kwenye ramani pale anapodhani tupo, bila kumtazama mwenzake, vidole visipokutana, hatuondoki. Ya pili: mmoja akisema "tugeuke," tunageuka. Ubishi wote ni ndani ya hema, usiku, tumeshakula.

Hii ya pili ilichukua muda. Mume wangu alitaka tuongeze "kama ana sababu." Nilikataa. Hofu ya mtu juu ya mlima mara nyingi inatangulia sababu yake. Jicho limeona kitu ambacho mdomo haujapata maneno. Nimeona hivyo kwa wagonjwa wodini, wanakuambia "sijisikii vizuri, dada" saa nzima kabla mashine haijaonyesha chochote. Alikaa kimya, akachukua kalamu, akayafuta yale maneno yake.

Jumamosi, soko la Kenya

Hapa Lubumbashi Kenya ni komine, yaani sehemu ya mji, na soko lake lina mitumba ya kila aina. Makoti mepesi ya manyoya ya bata yanayovaliwa Ulaya kwenye theluji yanafika hapa, ambako hakuna anayeyahitaji, na yanauzwa kwa bei ya shati. Nilipata mawili. Ukinunua, liminye kwenye ngumi kisha liachie: likijaa tena haraka, manyoya bado mazima; likibaki limelala, limefuliwa vibaya, liache. Tazama pia mishono dhidi ya mwanga.

Viatu hatukununua vya mitumba. Soli ya zamani inakauka ndani hata kama nje inang'aa, na soli ikibanduka kule hakuna fundi. Hapo tulilipa dola za kweli.

Uzuri wa kwenda wawili ni kwamba hema ni moja, jiko ni moja, sufuria ni moja, sanduku la dawa ni moja. Lakini kuna vitu ambavyo kila mmoja lazima awe na chake, hata kama mna mapenzi ya namna gani: dira, filimbi, tochi ya kichwani, kiberiti, blanketi la karatasi ya fedha, nakala ya ramani, na chakula cha siku nzima. Mkitenganishwa na ukungu, nusu ya hema haimsaidii mtu. Basi yeye anabeba hema, mimi nabeba jiko na sufuria, na hivyo vingine kila mtu na vyake.

Gesi tutanunua Johannesburg, maana mitungi hairuhusiwi kwenye ndege. Na bukari, ugali wetu, jamani, itabaki nyumbani. Kwenye mita 3,000 maji yanachemka kwenye digrii 90 badala ya 100. Kusonga bukari ikaiva kutatumalizia gesi siku ya pili. Tutakula uji wa shayiri, tambi za haraka, karanga, nyama kavu. Tunahesabu gramu 800 kwa mtu kwa siku, na nimezipima kwenye mzani wa jikoni.

Alhamisi, baada ya zamu

Hii ni sehemu yangu, na sitaipitia haraka.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano: Afrika Kusini wanaidai kwa anayetoka Kongo. Tunazo zote mbili. Viza tumeshaomba.

Malaria. Milimani kule haipo, lakini sisi tunaweza kuibeba damuni kutoka hapa. Mtu akipata homa na baridi siku ya tatu juu ya ukingo, kila mtu atafikiri ni upepo au mafua, na waokoaji wa kule hawaishi na malaria kama sisi. Kwa hiyo kwenye sanduku kuna vipimo vya haraka na dozi kamili kwa kila mmoja. Na kwenye kadi tunayovaa shingoni nimeandika kwa Kiingereza kwamba tunatoka eneo la malaria.

Sikoseli. Wengi kwetu wana AS, yaani wamerithi jeni moja tu la ugonjwa huo, na wengi hawajui, kwa sababu mwenye AS kwa kawaida anaishi bila kuumwa. Lakini juu milimani, oksijeni inapopungua, wamekuwepo watu wa AS waliopata maumivu makali ya wengu, upande wa kushoto chini ya mbavu. Sisi tulipima kabla ya ndoa, wote ni AA, hatuna jeni hilo. Wewe unayepanga kwenda juu ya mita 3,000 na hujui, pima kwanza. Ni kipimo cha damu tu.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi: huo ndio mwanzo wa ugonjwa wa mwinuko. Dawa yake kubwa ni kushuka. Tutalala usiku mmoja chini ya Sentinel, kwenye mita elfu mbili na kitu, kabla ya kwenda juu.

Jumamosi na Jumapili, Kundelungu

Mazoezi. Tulitoka mjini alfajiri kwa gari la kuazima, barabara ya udongo, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Hifadhi ya Kundelungu ina maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300, na watu wengi huenda kwa ajili ya hayo. Sisi tulitaka uwanda ulio juu yake. Ni nyasi tupu, upepo, na ukingo unaokatika kuelekea bonde la Lufira. Kwa mtu anayejiandaa kwa Drakensberg, ni darasa ambalo Mungu ameliweka mlangoni kwetu.

Tulifanya zoezi la vidole. Mara ya kwanza vilitofautiana kwa nusu kilomita. Kufikia jioni ya Jumapili vilikuwa vikigongana.

Tulijifunza pia kwamba yeye hutembea haraka asubuhi na mimi nina nguvu baada ya saa sita mchana. Kwa hiyo asubuhi mimi naongoza, ili mwendo uwe wangu, na mchana anaongoza yeye. Aliye mbele hashiki ramani. Aliye nyuma ndiye anayeishika, kwa sababu anaona ardhi na anamwona mwenzake juu ya ardhi hiyo.

Ijumaa, Johannesburg

Ndege ya moja kwa moja, mwendo wa saa mbili na zaidi kidogo, na saa hatukuzigeuza maana majira ni yale yale. Watoto tumewaacha kwa mama mkwe. Shemeji, mdogo wake mume wangu, anaishi Yeoville, mtaa ambao ukifumba macho unaweza kudhani uko Kamalondo ya kwetu Lubumbashi: Kiswahili, Lingala, harufu ya samaki na sombe.

Usiku nilimpa shemeji karatasi. Juu yake: njia yetu siku kwa siku, mahali pa kulala, milango ya kutokea, rangi ya hema na ya makoti, namba za waokoaji wa milimani, na saa ya mwisho. Saa ya mwisho ni Jumamosi ya wiki ijayo saa sita mchana. "Shemeji, kabla ya saa hiyo usihangaike hata tukinyamaza. Ikipita dakika moja, piga." Akaibandika kwenye friji. Akaniuliza, "Na mkipigana huko juu?" Nikamwambia hilo nalo limepangiwa muda wake, ni usiku baada ya chakula.

Jumamosi, Witsieshoek

Barabara kuu ya N3 hadi Harrismith, kisha Phuthaditjhaba, kisha juu. Tumelala kwenye nyumba ya wageni inayomilikiwa na jamii ya hapa. Jioni ukuta wa Amphitheatre ulijitokeza wote, kilomita tano za mwamba uliosimama wima. Mume wangu alitoa kamera, akairudisha mfukoni bila kupiga. Tumekula, tumepanga upya mizigo, tumelala saa mbili usiku.

Jumapili, juu ya maporomoko ya Tugela

Tuliandika majina yetu kwenye daftari la wapandaji, tukaanza saa moja asubuhi. Njia hadi chini ya Sentinel ni ya wazi, inapindapinda tu. Halafu ngazi: vyuma vilivyoning'inizwa kwa minyororo kwenye mwamba, awamu mbili. Hutingishika. Ujanja ni mikono ishike ubavu wa ngazi, macho yaangalie ngazi inayofuata tu, na mmoja amalize kabisa kabla mwingine hajaanza. Upepo ukiwa mkali kuna korongo la mawe kando yake la kupandia. Leo upepo ulikuwa mpole, tukapita.

Ghafla nchi ikalala. Uwanda mpana wa nyasi za manjano, na kijito kinachokatiza humo, chembamba kiasi cha kurukwa. Kijito hicho ni Tugela. Mita chache mbele kinakosa ardhi na kuanguka mita 948 kwa hatua kadhaa. Mwezi huu maji ni machache, utepe tu unaopeperushwa. Tulitambaa kwa tumbo mita za mwisho kutazama. Hii nayo tulikuwa tumeipanga mezani: ukingoni hakuna kusimama wima na shanta mgongoni.

Nyuma yetu kilikuwa kilele cha Mont-aux-Sources, mita 3,282. Maji yanayotoka upande huu wa mlima yanakwenda Bahari ya Hindi kwa Tugela. Ya upande wa Lesotho yanaingia Senqu, ambayo ndiyo Orange, hadi Atlantiki. Sisi wa Katanga tumezaliwa kwenye jambo hilo hilo, maana mpaka wetu na Zambia unafuata mgongo unaotenga maji ya Kongo na ya Zambezi. Huku pia mpaka wa nchi mbili unafuata mgongo wa maji, na pasipoti ziko viunoni mwetu.

Usiku maji ya kwenye chupa yaliganda. Chupa za kesho tukaziingiza kwenye mifuko ya kulalia. Kichwa changu kiliuma kidogo, nikanywa maji mengi, kikatulia.

Jumatatu, bonde la Khubelu

Hapa ndipo safari yenyewe ilipoanza, kwa sababu tangu asubuhi hakukuwa na njia tena.

Kutoka mbali unaona nyasi laini. Ukifika ni mafundo, makubwa kama vichwa, na katikati yake tope lililoganda juu na laini chini. Ukikanyaga fundo linayumba, ukikanyaga kati unazama hadi kifundoni. Tulipanda kidogo juu ya bonde, tukatembea kwenye mteremko wa mawe, ndefu zaidi kwa ramani lakini haraka zaidi kwa miguu. Panya wa barafu walitoka mashimoni kuota jua, wanene, hawana hofu. Tai ndevu alipita chini yetu. Chini yetu, ndani ya korongo, tukaona mgongo wake.

Mchana tulikutana na vijana wawili wa Kisotho wakichunga kondoo, wamejifunga blanketi nzito, mbwa watatu mbele. Mbwa wanakuja kwa kasi; tulisimama, tukaweka fimbo chini, tukasalimu kwa sauti: "Dumelang!" Mmoja akapiga mluzi, mbwa wakalala. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya salamu na mikono. Mume wangu aliwaonyesha ramani. Yule mkubwa hakuitazama ramani, alitazama mawingu ya mashariki, akaonyesha kwa mkono jinsi yatakavyopanda, kisha akaonyesha kibanda chao cha mawe. Tuliwapa karanga na sukari. Usiku hatukuacha kitu nje ya hema, hata viatu. Wapandaji waliotutangulia wanashauri hivyo wote, na ni haki kumwondolea kijana mwenye baridi kishawishi.

Jumanne, mahali tusipopajua

Mawingu yalipanda kama yule kijana alivyoonyesha. Yalitoka Natal, yakaruka ukingo, na saa nne asubuhi hatukuona zaidi ya hatua kumi.

Tulisimama. Ramani ikafunguliwa juu ya goti langu, tukageuzana migongo, kila mmoja akaweka kidole. Tulipogeuka, kidole chake kilikuwa kwenye kichwa cha kijito kimoja na changu kwenye kile kilichofuata, kama mita 700 mbali. Yeye alihesabu hatua. Mimi nilikumbuka kwamba tulivuka mabega mawili ya mlima tangu kuamka, siyo moja.

"Mama, hatua hazidanganyi."

"Hazidanganyi, Papa, lakini ulizihesabu kwenye mafundo."

Hatukuendelea. Mezani Kampemba sheria ile ilionekana nyepesi. Hapa, jasho likianza kupoa mgongoni na upepo ukipenya, miguu inataka kwenda popote bora iende. Tulihama hatua chache kuelekea upande wa Lesotho, mbali na ukingo, tukasimamisha hema, tukavaa kila kitu, nikapasha chai. Kila baada ya nusu saa mmoja alitoka kusikiliza. Sikio linasaidia: upande wa genge upepo unapanda ukitoa mngurumo wa chini, upande mwingine kimya.

Tulizungumza sana humo ndani. Juu ya ada za shule, juu ya mama yake, juu ya nyumba tunayotaka kuijenga njia ya Kipopo. Mambo ambayo mjini hatupati saa tatu mfululizo kuyasema.

Alasiri wingu lilipasuka kwa dakika chache. Mbele yetu, juu ya bahari nyeupe, ukasimama mnara wa mawe wa Mponjwane, mweusi, uliojitenga na ukingo. Mume wangu aliuelekezea dira, akapunguza zile digrii kuurudisha mwelekeo kwenye ramani, akachora mstari. Mstari ulipita karibu na kidole changu. Alinyoosha mkono akanishika bega, akaandika mahali na saa kwenye daftari. Wingu likafunga tena, lakini sasa tulijua tupo wapi.

Jumatano, kipito cha Rockeries

Mpango uliandikwa hivi: tukifika kichwa cha Rockeries baada ya saa nne asubuhi ya Jumatano, au ukungu ukiwa bado upo, tunashuka hapo. Tulifika saa tatu, tukiwa ndani ya muda. Ukungu ulikuwa umeinuka, lakini upande wa kusini, tulikotakiwa kuzunguka kata la Mnweni, pale ukingo unapoingia ndani, tukibana ukingo, ulikuwa umelala mzito.

Mume wangu alitazama kusini kwa muda mrefu. Najua alivyotaka. Mimi pia nilitaka. Chanzo cha Senqu kiko huko.

Akasema yeye, "Tugeuke."

Hakuna aliyeongeza neno. Tulikaza kamba za viatu vidole visigonge mbele, tukashusha mizigo chini kidogo mgongoni, tukaingia korongoni. Kushuka Rockeries ni kazi ya magoti, mawe yanayohama, kisha nyasi, kisha mto wa kuvuka na kuvuka tena. Hewa iliongezeka mapafuni kila nusu saa, unaisikia kabisa. Tulilala chini bondeni, bila makoti.

Alhamisi, Mnweni

Saa nne asubuhi tulifika kituo cha wapandaji, tukaandika kwenye daftari lao kwamba tumetoka salama. Simu ikashika. Shemeji alipokea kabla haijalia mara mbili.

Mama mmoja wa hapo alitupikia unga wa mahindi mgumu na mboga za majani. Ni bukari, waiite watakavyo. Mume wangu aliomba mara ya pili, kisha ya tatu.

Mchana tulitandaza ramani kwenye nyasi. Chakula cha siku mbili kimebaki, gesi nusu mtungi. Magoti yake yamevimba kidogo, nimeyafunga. Ubishi tulioahirisha tangu Jumatano tuliufanya hapa kwenye jua: yeye anataka turudi Sentinel mwaka ujao tuanze upya, mimi nataka tuanzie hapa Mnweni, tupande kwa Rockeries tulikoshuka, tushike kusini hadi Mlambonja, kwa sababu kipande cha kaskazini tunakijua sasa na likizo yangu ni fupi. Niliichora kwa penseli. Aliipima kwa uzi, akahesabu mita za kupanda, akakunja uso: siku ya kwanza ni ndefu mno, mita nyingi mno kwa mara moja kutoka bondeni. Nikaigawa mara mbili, usiku mmoja chini ya kipito.

"Mwezi wa tano tena?" akauliza.

"Mwisho wa mwezi wa nne. Jua linakawia kidogo zaidi."

Ameandika tarehe. Gari la kwenda Bergville linaondoka saa nane.